Mtu Aliyeandikwa Mwosha Chupa

Katika daftari la wafanyakazi wa misioni, pale Kasongo, jina lake lilikuwa chini ya mtunza bustani na juu ya mpiga kengele. Pembeni mwa jina waliandika kazi yake kwa Kifaransa, na maana yake ni mwosha chupa. Katika ratiba ya masomo, kwenye saa za shimi, kama tulivyoita kemia, liliandikwa jina la Mompere, ndivyo tulivyomwita padri wetu. Kwa hiyo, kwa karatasi, padri alitufundisha na yeye aliosha chupa. Kwa kweli padri alikuwa na parokia iliyofika hadi Kabambare, pikipiki iliyopenda kupumzika njiani, na figo zilizomuuma. Labo, yaani maabara, alikuja siku ya inspekta tu. Chupa tuliziosha sisi wanafunzi. Aliyetufundisha kupima asidi kwa soda ni mwosha chupa.

Nimefikiri sana nimwiteje hapa. Nikimwita mwalimu, nitakuwa nampa leo cheo ambacho siku moja kilikuwa kwenye ncha ya kalamu yangu, na sikumpa. Nikimwita mzee, atakasirika, maana bado anajihesabu kijana. Acha abaki kama daftari lilivyomwandika.

Nianze na mkono wake wa kushoto. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo, unasimamishwa wima, na chini yake kuna bomba dogo la kufungua na kufunga. Ndani unatia soda, yaani magadi makali yaliyoyeyushwa majini. Chini unaweka chupa yenye asidi na matone mawili ya dawa ya rangi. Mkono wa kushoto unashika bomba, wa kulia unazungusha chupa, na macho yanangoja. Asidi ikiwa bado ipo, maji yanabaki maangavu. Ikiisha, tone moja la ziada linayatia rangi ya waridi. Hapo unasoma umetumia soda kiasi gani, na kwa hesabu fupi unajua asidi ilikuwa kiasi gani. Ndiyo kazi yote, na nimeona watu wenye akili wakiikosea miaka minne mfululizo.

Yeye aliweza kuning'iniza nusu ya tone kwenye mdomo wa bureti, akaligusisha ukutani mwa chupa na kulisukuma ndani kwa maji kidogo ya mvua, kama mama anayemlisha mtoto mgonjwa. Alitaka waridi hafifu, ya kuonekana tu ukiweka karatasi nyeupe chini yake. Ukipitiliza, maji yakawa mekundu, aliita darasa zima lije kuona.

"Harusi ya nani hii?" alisema, akiinua chupa yako juu. "Bibi arusi iko wapi? Juu ya nini haukutualika?" Kwake "juu ya nini" ni "kwa nini".

Nilialika watu wengi kwenye harusi zangu mwaka wa kwanza.

Kulikuwa na jambo la saa. Kitabu kilisema rangi ikae nusu dakika. Ikififia kabla ya hapo, bado. Na huwa inafifia, kwa sababu hewa ile tunayoitoa kifuani inaingia majini na kuwa asidi kidogo, inakula ile soda ya ziada. Usipokuwa na saa unaweza kulifukuza tone hadi jioni. Labo haikuwa na saa. Saa ilikuwa mfukoni mwa Mompere, na mfuko ulikuwa Kabambare. Kwa hiyo zamani, Mompere alipomfundisha kazi hiyo, alimpa kipimo kingine: Salamu Maria mbili, polepole.

Mwosha chupa ni Mwislamu wa swala tano. Nasi, Wakatoliki wa kubatizwa, tulimtazama mtu mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi akiinamia chupa, akinong'ona Salamu Maria mara mbili bila kuruka neno, ilhali wengi wetu tuliruka. Wanafunzi walisema atabatizwa Pasaka. Mjini nako walisema hivyo hivyo, kwa uso mwingine. Siku moja jirani yake alimfuata hadi dirishani mwa labo.

"Weye, wanasema unasali sala ya misioni."

"Sisali. Nahesabu."

"Unahesabu na Bibi Mariamu?"

"Basi nipatie saa."

Jirani hakuwa na saa. Alitazama bureti, akaenda zake.

Mimi, ambaye siwezi kuacha jambo lipite bila kulipekua, nilimuuliza kwa nini hatumii Fatiha. Sikutaka kumchokoza, nilikuwa silali nikiliwaza.

"Nilijaribu," alisema. "Ile naisoma na heshima, inakuwa murefu. Rangi inakimbia mbele sijamaliza, naongeza tone. Asidi yangu ikawa kali kupita ya Mompere. Na kuikimbiza, hapana."

"Lakini ya Maria unaikimbiza?"

"Ile si yangu, mutoto. Ya kuazima unarudisha vile ulivyopewa."

Tangu hapo nilizisema Salamu Maria zangu kwa hofu, nikijua kuna mtu asiye wa dini hiyo anazitunza vizuri kuliko mimi.

Alikuwa na njia yake ya kueleza mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa mishale miwili inayopishana. Swali lililotutesa lilikuwa hili: siki ni asidi dhaifu, ndani ya maji, sehemu yake ndogo tu ndiyo inayojifungua na kufanya kazi ya asidi, nyingine inabaki imejifunga. Mbona basi soda inaimaliza yote, hata ile iliyojifunga?

"Asidi kali," alisema, "iko kijiji yenye watu wote wametoka pa barabara. Askari anafika, anakamata wote, kazi imekwisha. Asidi zaifu iko kijiji yenye inajua askari. Watu mia wako ndani ya majani, moja tu iko pa barabara. Weye soda, weye askari. Unakamata ile moja. Nini inatokea?"

"Barabara inabaki tupu," nilijibu.

"Muongo. Kijiji hapana kupenda barabara tupu. Mwingine anatoka kuona mwenzake ameenda wapi. Unamukamata. Mwingine anatoka. Mupaka mia wanakwisha, na kila moja alikuwa anajua."

Sisi watoto wa Kabambare tulielewa papo hapo, maana baba zetu walikuwa asidi dhaifu. Baba yangu mwenyewe, huko Wamaza, alilala porini wiki nzima walipokuja kutafuta watu wa kutengeneza barabara, akatoka siku ya nane kuona kama wameondoka. Hawakuwa wameondoka.

Aliendelea. Ukiwa umekamata nusu ya kijiji, alisema, hapo ndipo kijiji kina akili kuliko wakati wote: waliobaki majanini wanajua kazi, na nyumba za waliokamatwa ziko wazi kupokea yeyote anayekimbia. Ongeza tone la soda, ongeza tone la asidi, hali ni kama haibadiliki. Na ukimaliza wote, usifikiri maji yamerudi kuwa maji. "Nyumba zimebaki. Nyumba tupu inaita mutu. Inakamata mupita njia ndani ya maji yenyewe." Ndiyo sababu, asidi dhaifu inapokwisha, maji yanaelemea upande wa soda, na ndiyo sababu dawa yetu ya rangi ilichaguliwa ile inayogeuka upande huo.

Siku ya inspekta, Mompere akitokea mlangoni, askari aligeuka mwewe na kijiji kikawa vifaranga, katikati ya sentensi, bila yeye kumeza mate. Mompere alitikisa kichwa kwa furaha. Alipenda tufundishwe kwa mambo ya kijijini.

Baadaye nilipelekwa Bukavu miaka miwili kusomea kazi ya labo. Kule waliniandikia yote haya kwa herufi na mabano, na siku ya mtihani nilijaza ukurasa mzima wa usawa wa asidi dhaifu majini. Profesa aliandika pembeni kwamba nimeelewa vizuri. Hakujua kwamba kabla ya kila mstari nilihesabu kwanza watu walioko majanini.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kiburi, na alikuwa na vitimbi. Mwanafunzi akimchukiza, alimwekea tone la soda ndani ya chupa kavu ili aone kama atasuuza kabla ya kuanza. Asiposuuza, jibu lake lilikosea siku nzima, naye mwosha chupa alimwacha akosee, akipangusa meza kwa uso wa mtu wa huruma. Hakupenda kushukuriwa, ukimwambia asante alikuuliza umevunja nini. Na mtu huyo aliyepima nusu ya tone hakuweza kupima kitu kingine chochote. Nyangwe, kwao, mbali na Kasongo, ilikuwa "hapa tu". Kesho yake ilikuwa yoyote kati ya siku nne. Uzio wa nyumba yake alioujenga mwenyewe uliinama kiasi kwamba mbuzi walipita bila kuruka.

"Mie hesabu sijui," alisema mara kwa mara, na papo hapo akakwambia jibu lako limekosea kwa moja ya tano.

Kifaransa hakusoma. Shule ile haikuwapokea watoto wa Kiislamu wasiobatizwa, kwa hiyo aliingia humo akibeba ndoo za maji, na hadi nilipomaliza alihesabiwa kuwa hajui kuandika. Alijua. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni, kwa kijiti cha makaa, kwenye matako ya chupa ambako hakuna mtu anayetazama.

Hapo ndipo ninapoingia.

Nilirudi kutoka Bukavu na diploma iliyokunjwa mara moja tu, nikapewa labo ile ile. Mompere wa zamani alikuwa amerudishwa kwao kwa ajili ya figo. Aliyekuja alikuwa kijana, mwenye haraka na kalamu mbili mfukoni. Juma la kwanza nilifanya usafi. Nilikuta makaa kwenye chupa zote, michoro midogo ya Kiarabu. Nilikaa kitini nikaifikiria. Inaweza kuwa hirizi; nikiacha, Mompere mpya atasema naruhusu ushirikina. Inaweza kuwa aya. Nikifuta, nitakuwa nimefuta neno la Mungu wa mtu mwingine. Nilipima pande zote mbili muda mrefu sana, kisha nikafuta, kwa kitambaa kipya, kwa heshima. Jambo ambalo halikunijia hata mara moja ni kumuuliza mwenyewe. Alikuwa chumba cha pili.

Jumatatu iliyofuata nilifundisha kupima siki. Siki ya stoo ya misioni iliandikwa kwenye kibandiko: sehemu sita katika mia. Niliichanganya na maji mara kumi, nikachukua sentimita ishirini za ujazo, nikatia dawa ya rangi, nikafungua soda. Waridi ilitokea kwenye ishirini na tano, hafifu, nzuri ajabu, niliona fahari. Soda ilikuwa na kibandiko cha Kifaransa: sehemu moja ya kumi ya kipimo kamili. Nikaandika ubaoni. Moja ya kumi mara ishirini na tano, gawanya kwa ishirini: nukta moja mbili tano. Mara kumi kwa maji tuliyoongeza: moja nukta mbili tano. Nikageuza kuwa uzito. Sehemu saba na nusu katika mia.

Darasa lilitazama kibandiko cha siki, likanitazama mimi. Nilirudia hesabu. Nikarudia tena kwa njia nyingine. Mwanafunzi mmoja wa mbele akauliza kwa upole kama siki nayo imesoma Bukavu.

Mwosha chupa alikuwa nyuma, akipangusa glasi. Hakuinua macho.

"Mwalimu," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, nami nilitamani aniite mutoto. "Soda ile imezeeka. Kila tunapofungua chupa inakula hewa. Nguvu yake iko nane, si kumi."

Basi badala ya moja ya kumi, nukta sifuri nane mara ishirini na tano, gawanya kwa ishirini: nukta moja. Mara kumi: moja. Sehemu sita katika mia, kama kibandiko.

Baada ya kipindi nilimfuata. "Ulijuaje nane?"

"Niliipima mwezi ule, na asidi ya chembechembe, ile ya kupima kwa mizani. Niliandika pa tako ya chupa."

Niliigeuza chupa. Tulisimama wawili tukitazama tako la chupa, ambalo liling'aa.

"Umeosha muzuri," alisema.

Tulikaa siku tatu tukizipima upya chupa zote, na alinitajia majibu akingoja niyaandike kwa Kifaransa. Hakuniambia neno baya. Ningefurahi angenitukana.

Mwezi haujaisha, Mompere mpya aliniita. Misioni ilikuwa inapunguza watu. Alitaka niandike, kama mtaalamu, bila upendeleo, kama labo yenye mtu wa diploma inahitaji bado mwosha chupa. "Kwa haki," alisema. "Nitafuata utakavyoandika."

Neno haki lilinimaliza. Nikisema abaki, Mompere atasema mtu huyu anamtetea aliyemlea. Nikisema aende, nitakuwa nimemfukuza aliyenifundisha kila kitu, na mwezi ule ule alikuwa amenifunika aibu mbele ya darasa. Na kulikuwa na wazo la tatu, ambalo sikuliandika popote ila nalisema hapa: kwamba yeye akiwa nyuma ya darasa, akipangusa glasi, mimi ubaoni sitakuwa mwalimu kamwe.

Niliandika kurasa sita. Nilieleza faida hadi ukurasa wa nne, kisha nikaeleza upungufu, nikajibu kila hoja kwa hoja, na ukurasa wa mwisho nikasema pande zote mbili zina uzito na uamuzi ni wa wakubwa. Niliona ni kazi safi. Mompere alinishukuru, akasema ameona nimesoma. Siku nne baadaye ndoano ya nyuma ya mlango wa labo, ambako mwosha chupa alitundika kofia yake, ilikuwa tupu.

Alirudi Nyangwe. Miezi ilipita. Chupa nilianza kuziosha mimi, kwa sababu wanafunzi wa sasa hawaambiwi na mtu wanayemwogopa. Nilijitungia barua kwake, nne, zote kwa herufi ambazo yeye hasomi. Mwishowe, katika likizo, nilichukua baiskeli nikaenda, nikiwa nimejiandalia njia nzima la kusema: kwanza salamu, pili sabuni, maana nilisikia anapika sabuni, tatu, kama hali inaruhusu, maelezo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na soko, ameinamia sufuria kubwa ya mafuta ya mawese na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Kofia nyeupe, pasi ile ile. Alikuwa anachovya kijiti, anagusa ulimi, anatema pembeni.

"Karibu, mwalimu. Uko umekonda."

"Nimekuja kununua sabuni."

"Kutoka Kasongo? Kule sabuni imekwisha?"

Niliona mpango wangu umeharibika kwenye hatua ya pili, nikaruka hadi ya tatu. Nilimwambia kwamba kuna karatasi niliandika, kwamba sikusema aondoke, kwamba ukisoma vizuri utaona hakuna mahali nimesema aondoke.

"Najua," alisema. "Mompere yule kijana alinisomea."

"Yote?"

"Yote. Alisema ni haki yangu kusikia. Kifaransa alikigeuza polepole, nilikaa mupaka chai ikapoa." Alikoroga sufuria mara mbili. "Ukurasa ya ine ulikuwa muzuri sana. Ulisema hii labo bila mie haina macho. Nilijisikia mutu. Nilitaka kusimama nitoke, nikaambie bibi nyumbani."

Nilichukua kipande cha sabuni, nikakinusa.

"Halafu akageuza karatasi," alisema. "Juu ya nini haukusimama pa ya ine?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyokuwa akimwuliza mwanafunzi yeyote ilikuwaje akapitiliza waridi, akitaka kujua kweli. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo matatu au manne, yenye faida na upungufu, na nilikuwa bado nachagua la kuanza nalo wakati mama mmoja alipoingia uani na kikapu, akasalimia, akaomba vipande viwili. Alinitazama viatu, kisha uso.

"Na huyu bwana, anatafuta nini?"

"Hapana kitu. Iko mwalimu ya Kasongo," alisema, akikata sabuni kwa uzi, vipande sawa kabisa. "Nilimufundisha mie."

"Ulimufundisha muzuri?"

Aliinua kipande kimoja, akakitazama pande zote mbili, akakiweka kikapuni mwa yule mama.

"Hatukumaliza," alisema.